Phares na Wanja Wanne

Watu wa Komarock wakitaka kompyuta iwafanyie kazi yenye akili, huulizana, "Yule jamaa wa kwa Ndunge bado yuko?" Ndunge ni mimi. Jamaa ni Phares Owuor. Mimi nina mashine ya fotokopi, mashine ya kutia vyeti plastiki na mdomo usiolala. Yeye ana meza moja pembeni, kompyuta mbili, na subira ambayo mimi sikujaliwa. Miaka tisa sasa tumegawana chumba kimoja kando ya Kangundo Road, na hatujawahi kununiana zaidi ya siku mbili mfululizo.

Nilimjua kwa kazi. Alikuja asubuhi moja na kurasa nne, programu ya mazishi ya mkewe Adhiambo, akataka nakala mia mbili. Nilipofika nakala ya hamsini akaniomba nisimamishe mashine, maana ameona tarehe ya kuzaliwa imekosewa kwa siku moja. Nikamwambia hakuna atakayegundua. Akanijibu, bila ukali wowote, kwamba yeye amegundua. Tukaanza upya, na zile hamsini hasara nikaibeba mimi, kwa sababu uso wake ulinifunga mdomo, jambo ambalo mume wangu hajaliweza kwa miaka thelathini. Wiki mbili baada ya mazishi alirudi kuuliza kama ningempa nafasi ya meza moja. Yeye na Adhiambo hawakuwa wamejaliwa watoto, na nyumba ilikuwa imenyamaza mno.

Kazi yake ni hii. Mwenye duka la dawa, mwenye shule ya chekechea, muuza chakula cha kuku, kila mmoja ana madaftari yake. La kwanza lina wateja, la pili lina bidhaa, la tatu limeliwa na panya. Phares huyaingiza yote kwenye kompyuta na kuyafanya yajuane, ili ukigusa jina la mteja upate kila kinachomhusu, hata kama kiliandikwa mwaka juzi kwa penseli. Mwenyewe huita hifadhidata. Wateja huita "kile kitu cha Phares."

Alizaliwa Muthurwa, kwenye nyumba za reli, baba yake akiwa karani wa mabehewa. Akipata msikilizaji atamsimulia jinsi mzee wake alivyokuwa akitembea kando ya reli na kipande cha chaki, mabehewa mia yanayofanana kama mayai, na hakuna hata moja lililowahi kumpotea. Hadithi hiyo nimeisikia mara arobaini. Siku nyingine mimi ndiye humalizia, nikiwa nimempa mgongo, nikipanga karatasi. Sikujua kwamba siku moja ingetuokoa.

Desemba iliyopita kazi ilimkaukia. Duka la dawa lilihamia kwenye mfumo wa mtandaoni, chekechea ikafungwa, na mtu wa kuku hakuwa na shida yoyote kwa sababu kitu cha Phares hakiharibiki, na fundi ambaye kazi yake haiharibiki hufa njaa. Ndipo binamu yake akamtafutia nafasi ya ukarani wa stoo katika kiwanda kimoja upande wa Mukuru kwa Reuben. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu katoni zinazotoka na kutia alama kwenye fomu. Jibu lilitakiwa Jumatatu ya kwanza ya Januari, kabla ya saa sita mchana.

Phares aliniambia hayo akiwa anafuta kibodi kwa kitambaa, hanitazami. Alisema imebaki kazi moja tu anayoitegemea, ya Wacuka, na akiikosa ataondoa meza yake. Nikamwambia afanye apendavyo, ni mtu mzima. Kisha nikatoka nje kununua mandazi nisiyoyataka. Ukweli ni kwamba sikutaka aende, na nilikasirika kwa sababu sikujua jirani wa meza anayo haki gani ya kusema hivyo.

Wacuka ni fundi wa sare za shule, milango mitatu kutoka kwetu. Ana vyerehani saba na madaftari kumi na moja ya vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake: jina, nambari ya simu, kiuno, kifua, urefu, na chini kabisa kipande kidogo cha kitambaa cha ile sare, kimebanwa kwa stepla. Tarehe haandiki. Akijitahidi sana ataandika "Januari," kana kwamba dunia imewahi kuona Januari moja tu. Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa, foleni yake hufika barabarani, na yeye huwa amefungua madaftari yote kumi na moja akimsaka mtoto mmoja ambaye amesimama mbele yake ananyonya kidole.

Safari hii aliapa kwamba imetosha. Akawaita watu wawili. Wa kwanza alikuwa Phares. Wa pili alikuwa Sydney, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu vyeupe visivyowahi kuliona tope la Komarock na ofisi kwenye lile jengo jipya karibu na steji. Sharti la Wacuka lilikuwa rahisi. Kila mmoja aingize daftari moja, lile la kijani, kwenye mfumo wake. Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa wakutane karakanani, na mteja wa kwanza wa daftari hilo atakayeingia mlangoni ndiye atakuwa mtihani wao.

Daftari halikuruhusiwa kulala nje. Lililetwa kwangu kwa saa moja, nikatoa nakala mbili, moja ya Phares na moja ya Sydney. Nilifanya kazi safi, kurasa zimenyooka, maandishi yanasomeka. Nilijisifu hata. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa aibu.

Sydney hakuhangaika kuchagua chombo cha kujengea mfumo wake. Alikuwa nacho kimoja na alikuwa akikipigia debe mtaa mzima. Phares alikaa siku tano akilinganisha. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akapiga mistari kwa rula, akaandika vichwa vya safu kwa wino mwekundu: Stima ikipotea. Mtandao ukikatika. Watu watatu kwa mpigo. Na safu ya mwisho: Nikifa.

Nikamuuliza hiyo ya mwisho ni ya kazi gani. Akasema Wacuka ana watoto watakaorithi karakana, kwa hiyo mfumo ni lazima uweze kuishi baada ya aliyeujenga. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya sukari. Nikamwambia asiniletee matanga dukani.

Vyombo alivyovipima vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa programu yake ya zamani, inayokaa ndani ya kompyuta moja. Ameitumia miaka ishirini. Unachora majedwali, unachora fomu, kwa siku tatu umemaliza, na mtandao hauhitajiki. Lakini watu wawili wakiandika kwa pamoja inaanza kukwama, simu haiijui kabisa, na wanaoielewa vizuri wote sasa wanavaa miwani.

Cha pili kilikuwa cha mtandaoni, aina ile ya Sydney. Unaburuta visanduku kwa kidole, unavipanga, na kabla chai haijapoa una kitu kinachong'aa na kinachofunguka kwenye simu yoyote. Ila taarifa zako zinakaa huko ng'ambo kwa wenyewe, unalipia kila mwezi kwa kila mtu anayeitumia, na siku mtandao ukikatika unabaki kutazama duara likizunguka.

Cha tatu hakina mwenyewe. Ni injini ya data ya bure inayotumika dunia nzima, lakini mengine yote unaandika kwa mkono wako, mstari kwa mstari. Inachosha. Ukishamaliza ni yako. Inakaa kwenye kijikompyuta ndani ya karakana, simu za mafundi zinaifikia kwa waifai ya humo humo hata mtandao wa nje ukizima, na kijana yeyote aliyesoma chuo anaweza kuifungua na kuielewa.

Mimi nikamwambia mbona ni jambo la nyumba tu. Ya kwanza ni ya urithi, ya pili ni ya kupanga, ya tatu ni kiwanja na lori la mawe. Alicheka sana, akayaandika hayo pembeni mwa ukurasa. Moyo wake ulikuwa kwenye ile ya urithi. Kila aliposoma safu zake alianza na hiyo, na alikuwa akiitafutia alama za huruma. Lakini hesabu zilikataa. Stima ikipotea, sawa. Mtandao ukikatika, sawa. Nikifa, hapo ilianguka vibaya. Akachagua kiwanja na mawe, akaanza kujenga.

Kwa wiki mbili nilisikia kibodi tu. Siku moja aliniita nitazame jambo, ana furaha usoni ambayo sikuwa nimeiona tangu chekechea ilipofungwa. Alikuwa na kurasa nne za nakala mbele yake. Zote zilikuwa za mtoto mmoja, Wanja Mureithi, nambari ya simu ileile. Kiuno kwenye ukurasa wa kwanza kilikuwa inchi ishirini na moja, halafu ishirini na mbili na nusu, halafu ishirini na nne, halafu ishirini na sita.

"Ona mtoto anavyokua," aliniambia.

Akanieleza mpango wake. Majina peke yake hugongana, na simu peke yake haitoshi, kwa sababu ndugu watatu wanaweza kuandikishwa kwa simu ya mama yao. Lakini jina na simu kwa pamoja haviwezi kugongana, maana hakuna mzazi atakayewaita watoto wake wawili jina moja. Basi hivyo viwili ndivyo vitakavyomtambulisha mteja, na vipimo vipya vitafuta vya zamani. Mtoto akikua, mfumo unakua naye. Mimi Mkamba nilitikisa kichwa kwa kustaajabu, yeye Mjaluo akatabasamu, na wote wawili tukaridhika kabisa. Sydney naye, tulikuja kujua, alikuwa amefikiri vivyo hivyo, na huyo ni Mkikuyu, kwao Kirinyaga, hana kisingizio.

Jumamosi karakana ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Wacuka aliwakalisha wanaume wawili kwenye meza ya kukatia, Sydney na tableti yake, Phares na ile kompyuta yake ya kijivu na simu mbili za mafundi pembeni. Nilifunga duka nikaja. Nilikuwa na wasiwasi hadi nikamgombeza mtu aliyenikanyaga bila yeye kunikanyaga.

Aliyeingia alikuwa bibi mfupi mwenye kilemba cha zambarau, na nyuma yake wasichana wanne wamepangana kwa kimo. Wacuka alimwamkia kwa heshima, "Shosho, karibu," akamvutia kiti. Bibi akasema amekuja kwa sketi, moja kwa kila mtoto, na asicheleweshwe kwa sababu ana mkutano wa kina mama kanisani.

Wacuka akamwuliza jina la mteja. Bibi akasema, Wanja Mureithi.

Sydney alikuwa wa kwanza. Kidole kimoja, na jina likatokea kubwa, kwa rangi ya samawati: kiuno inchi ishirini na sita. Watu wakaguna kwa kupendezwa. Wacuka akageuka kwa wale wasichana akauliza Wanja ni yupi.

Wote wanne wakapiga hatua mbele.

Ilikuwa hivi. Wanja wa kwanza ni huyo bibi mwenyewe. Alizaa wana wanne, na desturi ya Wakikuyu ni kwamba binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wana wote wanne walimheshimu mama yao, kila mmoja nyumbani kwake, na wote wanatumia jina la marehemu baba yao, Mureithi. Wazazi wanashinda kazini, kwa hiyo anayeshughulikia sare kila Januari ni shosho, nyanya yao, kwa simu yake moja yenye vibonyezo. Mtoto wetu aliyekuwa akikua vizuri hivyo alikuwa watoto wanne. Mdogo wao, wa miaka saba, angepewa sketi ya inchi ishirini na sita, na ingemvuka njiani kabla hajafika geti la shule.

Wacuka akageukia upande wa pili wa meza. Mfumo wa Phares ulitoa jibu lilelile, ila kwa herufi zisizopendeza. Nyumba ya kupanga na nyumba ya mawe, zote zilikuwa zimejengwa juu ya kosa moja.

Sydney hakuyumba, lazima nimpe haki yake. Alisema, "Hiyo ni kitu kidogo, mathe, nipe dakika kumi," na kweli ndani ya dakika kumi alikuwa ameburuta kisanduku kipya na kukiweka mahali pake, jambo ambalo Phares angelifanya kwa nusu siku. Kisanduku kilikuwa cha nambari ya cheti cha kuzaliwa. Akamweleza Wacuka kwamba kuanzia sasa kila mteja aje na cheti, kwa sababu daftari lake lilikuwa na mchafuko tangu mwanzo. Shosho akasema vyeti viko Murang'a, ndani ya sanduku, na sanduku liko chini ya magunia ya mahindi. Mafundi walicheka. Wacuka hakucheka.

Phares aliomba kuliona daftari lenyewe, siyo nakala. Akalifungua kwenye zile kurasa nne, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, kwa hiyo niliona alichokiona. Mahali ambapo nakala yangu ilikuwa na doa jeusi, palikuwa na kipande cha kitambaa cha maruni. Ukurasa wa pili kijani. Wa tatu miraba ya buluu kama ya drafti. Wa nne kijivu. Shule nne, watoto wanne, kila mmoja na rangi yake, na mtu yeyote asiye kipofu angewatenganisha.

Mashine yangu haina rangi. Niliwachukua wale watoto wanne nikawageuza madoa manne meusi yanayofanana, nikajisifu kwamba kazi ni safi. Mafundi wa Wacuka hawajawahi kutafuta jina. Hupekua wakitafuta kitambaa. Nikasema hapohapo mbele ya watu kwamba kosa ni langu.

Phares alikuwa bado anagusa kile kitambaa cha maruni kwa kidole gumba. "Si lako, Ndunge," alisema. "Mimi nimelitazama hilo doa wiki mbili, na sikuuliza ni nini."

Halafu akachuchumaa mbele ya kiti cha shosho, akamwuliza kwa adabu yeye huwatofautisha vipi wajukuu wake, akimwita mmoja wanakuja wote.

"Jina ni la nini?" bibi akamjibu. "Mtoto akija kwangu namwuliza, wewe ni wa nani?"

Akawageukia akawauliza palepale, na wakajibu mmoja baada ya mwingine, kama watu waliozoea: wa Gachanja, wa Njogu, wa Kiragu, na yule mdogo kwa sauti ya chini kabisa, wa Muchiri. Phares aliandika kwenye kiganja chake kwa sababu daftari lake la safu lilikuwa mbali. Akamwomba Wacuka muda mpaka Jumatatu asubuhi, Jumatatu ileile ya jibu la kiwandani. Wacuka akawapa wote wawili.

Jumapili makanisa yalikuwa yakiimba kila upande, nyimbo tatu kwa mara moja, na Phares amefungua duka. Nilitoka ibadani nikampitishia chai. Alasiri Wacuka alikuja na madaftari yote kumi na moja kwenye beseni la plastiki, akaketi karibu naye, na wakawa wanafungua ukurasa kwa ukurasa, yeye akimweleza kila kitambaa. Wengine aliwakumbuka kwa shule, wengine kwa mama zao. Mmoja alimkumbuka kwa sababu alimpima siku ya msiba wa baba yake, na mtoto hakulia mpaka alipoguswa na tepu.

Ndipo Phares akaanza tena hadithi ya mabehewa, na safari hii sikummalizia. Kumbe kulikuwa na sehemu ambayo sikuwahi kuisikiliza. Kila behewa lilikuwa na maandishi mawili. Moja lilikuwa nambari, imepakwa rangi, haibadiliki, na wapakuzi hawakuijali hata kidogo. Hiyo ilikuwa ya ofisi. La pili mzee wake aliliandika kwa chaki ubavuni: behewa hili limetoka wapi na ni la nani. Hilo ndilo watu walilosoma.

Basi hivyo ndivyo alivyofanya. Kila mteja alipewa nambari na mfumo wenyewe, nambari ambayo hakuna atakayeulizwa wala atakayeikumbuka. Mbele kabisa, pale mtu anapotazama, aliweka kisanduku kimoja: Wa nani? Na kando yake picha ya kitambaa, iliyopigwa kwa simu ya fundi. Kile kisanduku alikifanya cha lazima. Ukikiacha wazi, mfumo unakataa kuhifadhi, na maneno mekundu yanatokea: "Mtu ni watu. Jaza hapa." Alipoyaandika hayo alicheka peke yake hadi akavua miwani. Nikamwambia watu wanataka sketi, hawataki methali, lakini hakuyafuta.

Jumatatu saa nne na nusu tulikuwa karakanani. Sydney hakuja, alituma ujumbe kwamba kisanduku cha vyeti kiko tayari na Wacuka akishawapanga wateja wake ampigie. Phares alimpa Wacuka simu ya fundi mmoja. Wacuka akaandika "Wanja" na kungoja. Wakatokea wanne, kila mmoja na kipande chake cha rangi: wa Gachanja, wa Njogu, wa Kiragu, wa Muchiri. Akamgusa wa Muchiri. Inchi ishirini na moja.

Alirudia na majina mengine sita. Halafu akazima kile kifaa kinacholeta mtandao wa nje, kwa makusudi, uso mkavu, akajaribu tena. Ikafunguka vilevile.

"Sydney alitaka nibadilishe wateja," alisema. "Wewe umebadilisha kompyuta. Kazi ni yako."

Phares akaitikia kwa kichwa tu. Mimi ndiye niliyepiga makofi, peke yangu, na sikuona haya.

Wacuka hakutaka kumwachilia hivihivi. Alisema mtu atakayemtunzia vipimo vyake hawezi kutembea Komarock na koti lililobaki na kifungo kimoja. Atamshonea jipya, na iwe kazi ya kwanza ya kuingizwa kwenye mfumo moja kwa moja, bila daftari. Akamwambia anyooshe mikono. Akanipa mimi kibodi, kwa kuwa vidole vyangu ni vyepesi.

Nikaandika jina, Phares Owuor. Nikaandika simu. Wacuka alikuwa akisoma tepu kwa sauti, kifua, bega, urefu wa mkono, na mimi nikijaza. Picha ya kitambaa ikapigwa, buluu ya usiku. Nikabonyeza hifadhi.

Mtu ni watu. Jaza hapa.

Nilikuwa nimekiruka kile kisanduku cha mbele. Nikamwangalia. Alikuwa amesimama katikati ya vyerehani, mikono imenyooka pande mbili, tepu shingoni. Baba yake ameshazikwa, mama pia, na Adhiambo niliitoa mimi mwenyewe programu yake, mara mbili.

"Weka kistari," alisema.

Nikaweka kistari. Mfumo ukakataa. Alikuwa amewazia hata vistari. Mtu huyu hujenga kwa mawe kweli. Maneno mekundu yakabaki pale, na mafundi wakaacha vyerehani wakatugeukia. Phares akafungua mdomo, akaanza kutamka jina la mkewe, akaliachia nusu.

"Hilo sharti nitalitoa," alisema polepole. "Ni kazi ya dakika tano tu."

"Hulitoi," nikamwambia.

Nikaandika: wa kwa Ndunge, fotokopi. Nikabonyeza hifadhi, na ikakubali, bila neno lolote jekundu. Watu waseme watakayosema. Miaka tisa wamekuwa wakisema hayohayo pale barabarani, wakimtafuta, na ni sisi wawili tu tuliokuwa hatujasikia.

Wacuka aliinama akatazama skrini, kisha akachukua mkasi, akakata kipande kidogo cha ile buluu, akakibana kwa stepla kwenye daftari la kijani vilevile, kwa mazoea. Phares alikuwa anatazama ukutani kwa bidii kubwa, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Simu yake ikalia mfukoni. Ilikuwa saa sita kasorobo, na tulijua wote wawili ni nani. Mikono yake bado ilikuwa hewani, Wacuka amerudi kwenye kiuno, anahesabu inchi. Akanipa ishara kwa kidevu nimpokelee. Nikaitoa mfukoni mwake, nikamsalimia binamu vizuri, nikamwambia Phares hawezi kuongea kwa sasa, anapimwa koti la kazi, na hiyo kazi ya katoni wamtafutie mtu mwingine.